Fahamu: Maji, mafuta na sheria Makueni
Kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilisitisha usafishaji mwaka 2013, lakini mafuta yaliyosafishwa yanaendelea kupita kwa bomba katika kaunti ya Makueni. Mwaka 2015 bomba lilivuja huko Thange, Kibwezi, mafuta yakaingia mtoni na visimani. Petroli huwa na benzini, kemikali inayoweza kusababisha saratani ya damu.

Kanuni za Ubora wa Maji za mwaka 2006, zilizosimamiwa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, zilimtaka mwenye kiwanda awe na leseni ya kumwaga majitaka, jambo jema, ila kipimo cha majitaka kwenye mdomo wa mfereji wa kiwanda hakigundui ufa wa bomba lililozikwa ardhini. Visima vya ukaguzi kandokando ya bomba viwe sharti, na matokeo yake yatangazwe vijijini.