Barafu ya maziwa: tuangalie tarehe ama umeme?

Mama mmoja wa koperative ya maziwa, pembeni ya Goma, alitufungulia kongelateri yake. Ndani mulikuwa sashe za barafu ya maziwa na sukari, ngumu kama jiwe. Umeme ulikatika toka jana yake asubuhi, ukarudi usiku wa manane. «Tarehe ingali wiki mbili mbele,» akasema. «Si naweza kuuza?»

Swali lile njo la koperative nyingi, na jibu letu halikumfurahisha.

Tarehe ya barafu inahesabiwa kwa sharti moja: kwamba haikutoka kwenye baridi kali, digrii 18 chini ya sifuri. Kwenye baridi ile mikrobe hazikui. Ndiyo maana barafu iliyotengenezwa kwa usafi, ikapitisha tarehe siku chache bila kuyeyuka, kwa kawaida hailetei mtu ugonjwa. Inapoteza ladha na kujaa chenga za maji, basi. Kuila nyumbani ni sawa; kumuuzia mteja, hapana.

Shida ni kuyeyuka. Baridi haiui mikrobe, inazilaza tu. Maziwa yakipata joto zinaamka, zinazaana, na ukigandisha tena unazilaza zikiwa nyingi zaidi. Kuna zingine, kama zile zinazotoka kwenye kidonda cha kidole, zinaacha sumu ambayo hata kuchemsha hakuiondoi. Watoto wadogo, wenye mimba na wazee njo wanaumia sana, na watoto njo wanunuzi wetu wakubwa.

Kongelateri iliyojaa, mlango ukibaki umefungwa, inashika baridi karibu masaa 48. Ikijaa nusu, karibu 24. Ile ya mama ilikuwa na sashe chini tu, na watoto walikuwa wanaifungua kila saa.

Tukamfundisha kipimo cha chupa. Weka maji nusu katika chupa ndogo ya plastiki, igandishe ikiwa imesimama, kisha igeuze kichwa chini na uiache ndani. Barafu itabaki juu, kwenye kitako. Umeme ukirudi, angalia: ikiwa barafu iko upande wa kifuniko, basi iliyeyuka, hata kama sasa imegandia tena. Na sashe zako vilevile. Mwaga.

Mama alihesabu sashe 41, akazimwaga shimoni mbele yetu, bila kusema kitu. Siku hizi koperative yake inatengeneza barafu za kuuza siku mbili tu, si za wiki nzima, na chupa iko ndani.