Herufi Moja Tu: Jozi za DNA na Selimundu

Kwa sisi tuliolelewa Louisville, Columbus na Buffalo katika nyumba zenye asili ya Kongo, Kenya au Tanzania, jozi za DNA si somo la mtihani wa biolojia tu. Ni habari ya damu yetu.

DNA ni kama ngazi iliyosokotwa, na kila kipandio chake ni besi mbili za nitrojeni zilizoshikana. Adenini (A) hushikana na thaimini (T) kwa vifungo 2 vya haidrojeni. Guanini (G) na sitosini (C) kwa vifungo 3. A na G ni kubwa, T na C ni ndogo. Kubwa ikikaa na ndogo, upana wa ngazi haubadiliki. Katika RNA, urasili (U) huchukua nafasi ya thaimini, hivyo A hushikana na U.

Faida yake ni kwamba ukijua upande mmoja, unaujua wa pili. Seli inapogawanyika, DNA hunakiliwa kwa uaminifu. Lakini mnakili mwaminifu hunakili hata kosa.

Katika jeni ya beta-globini, kwenye kromosomu ya 11, herufi GAG zikiwa GTG, RNA husomeka GUG. Protini hupewa valini badala ya asidi ya glutamiki. Oksijeni ikipungua, himoglobini hiyo hushikamana na chembe nyekundu za damu hupinda kama mundu. Ndiyo selimundu.

Kwa nini kosa hilo halikupotea? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu huko mwaka 1949. Aliona wenye chembe hiyo ni wengi pwani na kando ya Ziwa Victoria, lakini wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 alionyesha kwamba aliyerithi nakala moja hupata kinga dhidi ya malaria kali. Anayerithi nakala mbili ndiye anayeugua. Baba na mama wakiwa na nakala moja kila mmoja, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kupata mtoto mgonjwa.

Jozi hizohizo sasa zinatumika kutibu. Casgevy, iliyoidhinishwa Marekani Desemba 2023, hutumia kipande cha RNA kinachotafuta mahali pake kwenye DNA kwa kushikana na herufi zinazolingana nacho. Hapo DNA hukatwa, na mwili huanza tena kutengeneza himoglobini ya mtoto aliye tumboni. Bei yake ilipoidhinishwa ilikuwa dola milioni 2.2.

Kipimo cha damu ni rahisi zaidi. Watoto wachanga hupimwa katika majimbo yote ya Marekani, ila wengi wetu tuliozaliwa Afrika hatujui tuna nini. Tukapime kabla ya kuoa au kuolewa. Na nyumbani tuwaeleze wazee kwa Kiswahili: selimundu si laana, wala si kosa la mama peke yake. Ni herufi moja, kutoka pande zote mbili.