Sekunde Nne za Chozi la Mume Wangu

Hivi wewe na mwenzi wako mmeshawahi kununiana kwa sababu ya GIF, zile picha zinazocheza na kujirudia? Mimi yamenikuta, tena kwa utundu wangu mwenyewe.

Kwenye video ya harusi yetu kuna mahali mama mkwe anashika maiki na kumwambia mwanawe kwamba baba yake angekuwepo, angecheza kuliko wote ukumbini. Mume wangu akalia. Siyo chozi la kufuta kwa kidole, sura yote ilikunjamana. Sasa Jumapili moja sina kazi, nikakata sekunde nne pale pale kwenye uso, nikaigeuza GIF na kuirusha kwenye grupu la iliyokuwa kamati ya harusi. Jamani, walivyocheka! Hadi jioni mashemeji wanaitumia kujibu kila kitu. Luku imeisha? Bwana harusi analia. Timu imefungwa? Bwana harusi analia. Mwenyewe hakusema neno. Akala, akaenda kulala.

Nikaja kuelewa baadaye. GIF haibebi sauti. Maneno ya mama ndiyo yaliyomliza, na mimi nimeyaondoa, nikabakiza uso tu. Halafu unajirudia na kujirudia, haufiki hata pale anapokumbatiwa.

Ndivyo ilivyoundwa. Kampuni ya Marekani, CompuServe, ilitoa GIF mwaka 1987, enzi ambazo kutuma picha moja kwa laini ya simu ilikuwa shughuli. Kila picha haizidi rangi 256, ndiyo maana gauni la satini likiingia humo linatoka na mabaka. Mtindo wa kujirudia bila kikomo ulienezwa na Netscape katikati ya miaka ya 1990.

Kutengeneza ni rahisi mno, na hapo ndipo penye hatari. Kwenye WhatsApp unachagua video, unaipunguza hadi sekunde sita au chini yake, unabonyeza alama ya GIF, basi. (Kumbe inayotumwa ni video iliyonyamazishwa tu, lakini nani anajali?) Ukitaka GIF halisi, tumia programu ya kompyuta. Video ya kawaida ina picha kama 30 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde nne ni picha 120, na faili litakuwa zito kuliko video yenyewe. Shusha hadi 12 kwa sekunde, zitabaki 48. Upana wa pikseli 320 unatosha kwa simu.

Chagua tendo linaloeleweka bila maneno: kugonga glasi, kurusha busu, kugeuka na kutabasamu. Kamera iwe imetulia. Na muulize mwenye sura kabla hujatuma, maana ukishatuma hukamati tena. Mimi nilifuta kwenye grupu usiku ule ule, lakini wenzangu walishaihifadhi zamani.

Wiki mbili baadaye mume wangu akaja na simu mkononi, anacheka. Amekata sekunde tatu: mimi nakanyaga gauni na kumdondokea msimamizi wangu, nainuka, nadondoka tena. Akaniuliza kama anaweza kuituma kwa kamati.

Nilikataa.