Ukarabati wa Fimbo Kongwe za Gofu za Mbao

Fimbo ya gofu ya zamani ina sehemu tatu: kichwa cha mbao kinachopiga mpira, mpini mrefu unaobeba kichwa hicho, na kishikio cha ngozi ambacho mchezaji hukikamata kwa mikono yote miwili. Kichwa kilizoeleka kuchongwa kwa mti wa Marekani uitwao pasimoni, ambao ni wa jenasi ya Diospyros pamoja na miti ya Asia inayotoa mbao nyeusi, wala hauna undugu na mpingo wa Tanzania, kwa kuwa mpingo ni wa jamii ya kunde. Mpini ulitengenezwa kwa hikori, mti mwingine wa huko huko, uliopendwa kwa sababu hupinda bila kuvunjika kisha hurudi mahali pake. Mipini ya chuma haikuruhusiwa na R&A, chombo cha Scotland kinachosimamia kanuni za mchezo, hadi mwaka 1929, na kwa hiyo waliocheza Entebbe na Nairobi, ambako klabu zilianzishwa mwaka 1901 na 1906, walianza na hikori. Vichwa vya mbao viliishi zaidi: TaylorMade ilianza kuuza vichwa vya chuma mwaka 1979, lakini hata mwaka 1993 Bernhard Langer alishinda mashindano ya Masters kwa fimbo yenye kichwa cha pasimoni.

Huko Ruziba, kusini mwa Bujumbura kando ya barabara iendayo Rumonge, mbao hujulikana zaidi kwa mitumbwi ya wavuvi wa ndagala na mukeke kuliko kwa mchezo huu, lakini adui wa mtumbwi na adui wa fimbo ni mmoja, nao ni unyevu unaoingia na kutoka. Mbao hunywa unyevu wakati wa mvua zikavimba, kisha husinyaa katika kiangazi cha Juni hadi Septemba, na kurudiarudia huko ndiko kunakolegeza gundi, kuachanisha viungo na kupasua shingo ya fimbo, yaani sehemu nyembamba ambapo mpini huingia kichwani. Fundi anayetia kalafati, yaani anayeziba mianya kati ya mbao za chombo cha majini, ana tayari nusu ya elimu inayohitajika hapa, na inafaa kusemwa wazi kwamba elimu hiyo ni ya thamani kuliko vifaa vya gharama.

Nusu iliyobaki ni kujizuia. Uharibifu mkubwa wa fimbo kongwe hufanywa na msasa uliotumiwa kwa haraka, kwa sababu uso wa kichwa haukuchongwa bapa: una mbinuko mdogo kutoka kushoto kwenda kulia na mwingine kutoka juu kwenda chini, na mbinuko huo ndio unaosaidia kurekebisha mwelekeo wa mpira uliopigwa pembeni. Fundi akiusawazisha, fimbo itang'aa vizuri lakini haitafanya tena kazi yake. Kwa hiyo vanishi ya zamani huondolewa kwa dawa ya kuondolea rangi, ikipakwa kidogo na kufutwa upesi isije ikaingia chini ya kipande cha faiba au pembe kilichopachikwa usoni, na msasa laini hufuata tu pale panapobaki mabaka. Skrubu za bamba la chini zikikataa kufunguka, ncha ya pasi ya kulehemu huwekwa juu ya kila moja hadi joto lilainishe gundi, maana kuzilazimisha kwa bisibisi huharibu vichwa vyake. Chini ya bamba hilo huwa kuna risasi iliyowekwa kurekebisha uzito, ambao kwa kichwa cha fimbo ndefu zaidi hukaribia gramu 200. Risasi hiyo isipigwe tupa wala msasa, kwa sababu vumbi lake ni sumu.

Mbao ikiwa safi na kavu, hupakwa rangi ya mbao, kisha vanishi nyembamba mara kadhaa, kila tabaka likisuguliwa kidogo baada ya kukauka. Mahali pa kuangaliwa zaidi ni penye ncha za nyuzi za mbao, yaani chini ya bamba na ndani ya tundu la mpini, kwa kuwa maji huanzia huko, ingawa macho ya mtazamaji hayafiki. Siku za mvua si za kazi hii, kwani unyevu wa hewa huchelewesha vanishi na wakati mwingine huifanya iwe nyeupe kama ukungu. Shingo hufungwa tena kwa uzi ulionyweshwa nta, ukizungushwa kwa kubana ili mbao isipasuke mpira unapopigwa. Mpini wa hikori hauhitaji vanishi nzito. Mafuta ya kitani yaliyopakwa kwa kitambaa na kufutwa vizuri hutosha.

Mwenye fimbo za namna hii stoo, na hasa aliyezirithi, apige picha kila sehemu kabla haijafunguliwa, ahifadhi skrubu na bamba zake za asili, na asiziache ndani ya gari lililofungwa juani, kwa kuwa joto hulegeza gundi. Fundi anayependekeza kubadilisha kila kitu akataliwe.