Matiti ya wavulana: yatibiwe lini?

Titi la mvulana huvimba homoni zinapoyumba wakati wa balehe. Chini ya chuchu hutokea kibonge kama kifungo cha shati, kinachouma kikiguswa. Kwa kijana wa Makobola, anayevua shati mbele ya wenzake kuoga Ziwa Tanganyika, kibonge hicho huweza kuwa aibu kubwa, na aibu hiyo isidharauliwe. Mara nyingi hupotea chenyewe ndani ya miezi 6 hadi miaka 2, bila dawa wala mafuta ya kupaka.

Baadhi ya dawa pia huvimbisha matiti, ikiwemo efavirenzi ya VVU. Mgonjwa asiiache bila kumwona daktari. Kibonge kigumu cha upande mmoja, chuchu inayotoa damu au uvimbe wa korodani huhitaji uchunguzi wa haraka. Upasuaji hubaki kwa uvimbe uliodumu na unaomsumbua kijana.