Nilisimama kufundisha Google, duka langu likaonekana liko Kahama

Wapambanaji wenzangu, leo nawapa ya kwangu mwenyewe, ya aibu kidogo.

Nina duka hapa Kambarage, Shinyanga mjini, sio mbali na uwanja wa mpira. Nauza gambuti, tochi za kichwani na glavu. Wateja wengi ni wachimbaji wadogo wa Mwakitolyo, wengine mpaka Geita. Shule niliishia kidato cha nne. Haya mambo ya kuonekana Google nimejifunza kwa simu, usiku, bando likiwepo.

Mwaka jana nikaitwa kuongea kwenye semina ya wafanyabiashara, dakika 20: mteja akitafuta Google anakupataje? Semina ya kwanza niliyowahi kuhudhuria nilitoka na kalamu, na chai tumboni, basi. Mtoa mada alisoma slaidi saa nzima, simu hakugusa. Kwa hiyo mimi nikasema nitaonyesha laivu.

Nikaandika jina la duka langu, ukutani likatokea, na picha zake. Makofi. Dada mmoja wa mbele akauliza, "Kaka, mbona ramani inaonyesha Kahama?"

Nikageuka. Anwani imeandikwa Kambarage, alama nyekundu iko Kahama, zaidi ya kilomita 100! Nikakumbuka siku nasajili nilikuwa Kahama kuchukua mzigo, nikabonyeza "mahali nilipo sasa" bila kufikiri. Hapo ndipo nikaelewa zile simu. Watu wawili walishanipigia wakisema wapo nje ya duka langu na hawalioni. Nikajua matapeli. Mmoja nikambloki kabisa.

Nilitamani kukaa chini. Ila nikawaambia ukweli wote, mpaka wa kubloki, kisha nikasema kila mtu atafute duka lake sasa hivi. Ukumbi ukawa kelele. Mama mmoja namba yake ya simu ilikuwa ya laini aliyoipoteza zamani. Mwingine anauza mpaka saa 2 usiku, Google inasema kafunga saa 11. Zile dakika 20 zikawa saa nzima.

Baadaye nilisoma hii mikutano ya watu wa kutafutika mtandaoni ilivyoanza huko nje. Danny Sullivan alianzisha wa kwake Marekani mwaka 1999. Wa Brighton, Uingereza, ambao leo unajaza kumbi kubwa, ulianza 2010 kwenye chumba cha juu cha baa. Kwa hiyo hata nyuma ya duka mnaweza kukaa watu sita na mkafanya wenu. Nauli ya Dar sio lazima. Na hapa kwetu kuna maonesho ya madini Geita, pale Bombambili, yapo tangu 2018. Ukienda pale beba swali moja la biashara yako, umtafute mtu wa kulijibu, vipeperushi achana navyo.

Swali nililoulizwa sana siku ile ni kama ukilipa unapanda juu kwenye ramani. Hapana. Google wenyewe wanasema wanaangalia vitu vitatu: unauza kile mtu anachotafuta, uko karibu naye kiasi gani, na unajulikana kiasi gani, maoni ya wateja yakiwemo. Kusajili duka ni bure. Akija mtu anataka hela akupandishe kwenye ramani, mwambie una wateja.

Ukialikwa kuongea, onyesha duka lako, sio la Marekani. Beba bando lako, na piga picha za skrini kabla, maana mtandao unaweza kugoma.

Alama niliihamisha usiku uleule. Wakanitaka video: barabara, kibao cha duka, mimi nikifungua kufuli. Yule niliyembloki nikamfungulia, nikampigia kumwomba radhi. Akacheka sana, akasema siku ile alinunua gambuti hukohuko Kahama, jozi nane.