Mama, Shati Lile la Zamani Usilitupe

Bila shaka nyumbani kwako liko shati jeupe lililochakaa rangi, ambalo baba haoni vema tena kulivaa Jumapili. Usilifanye tambara. Kwa uzi, kokoto na rangi kidogo utaligeuza vazi jipya, na vijana wako watapata kazi njema ya mikono siku za likizo.

Kazi yenyewe ni ya kale. Wayoruba wa Nijeria huiita adire, maana yake kufunga na kutia rangi. Huko Bara Hindi, katika Gujarat na Rajasthan, huitwa bandhani, na jina hilo nalo latokana na neno la kufunga. Sisi twaiita batiki, ingawa batiki hasa ni ile ya kuzuia rangi kwa nta. Zamani rangi ya buluu ilitoka katika majani ya mnili. Mwaka 1856 kijana wa Kiingereza wa miaka 18, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria. Dawa hakuipata, bali alipata rangi ya zambarau. Tangu hapo rangi za viwandani zikaenea duniani.

Kwanza chagua kitambaa. Kiwe cha pamba tupu. Poliesta hukataa rangi hizi, nawe utabaki na shati lililopauka kuliko mwanzo. Lifue kwa sabuni ili wanga na mafuta yatoke.

Kisha funga. Ukitaka duara, weka kokoto au punje ya harage ndani ya kitambaa, uzungushie uzi na kukaza sana. Ukitaka miali ya jua, shika katikati ya shati, lisokote kama kata ya kichwani, ulifunge pande zote. Ukitaka mistari, likunje kama upepeo. Palipokazwa rangi haipiti, palipolegea hupenya. Basi uzuri wote umo katika fundo.

Rangi wanazotumia akina mama wengi wa batiki haziyeyuki kwa maji peke yake. Huyeyushwa kwa kostiki soda na haidrosalfaiti, ndipo ziingie katika nyuzi. Fuata kipimo cha rangi uliyonunua. Lowesha shati, lizamishe, uligeuze polepole kwa kijiti. Ukilitoa usishangae kuona rangi siyo ile uliyoitaka. Shati la nili, kwa mfano, hutoka likiwa na rangi ya kijani-manjano, na machoni pako hugeuka buluu, kwa kuwa hewa huirudisha rangi katika hali yake na kuinasa ndani ya nyuzi. Watoto hufurahi sana kuona jambo hilo.

Lakini watoto na watazame kwa mbali! Kostiki huunguza ngozi na macho. Vaa glovu za mpira, fanya kazi nje penye upepo, na tia kostiki ndani ya maji kidogo kidogo. Kamwe usimwage maji juu ya kostiki. Usitumie sufuria ya alumini, kwa maana kostiki huila. Tumia ndoo ya plastiki, nayo isirudi jikoni kamwe. Usiiweke kostiki katika chupa ya soda wala kikombe. Ikimrukia mtu, mwoshe kwa maji mengi. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali saa ile ile.

Watoto wenyewe waanze na maganda ya vitunguu. Chemsha maganda yenye uzito sawa na nguo kwa muda wa saa moja, chuja, kisha pika humo kitambaa kilichokwisha kulowekwa katika maji ya shabu. Hutoka rangi nzuri ya dhahabu. Manjano pia hutia rangi, ila jua huififisha upesi, na sabuni huigeuza nyekundu.

Nami nina kosa la kukiri. Shati langu la kwanza lilisifiwa mno, hata jirani akalinunua. Kwa tamaa ya fedha nililisuuza mara mbili tu, na maji yalikuwa bado yana rangi. Jirani akalifua pamoja na gauni jeupe la binti yake, lililokwisha kushonwa kwa Komunyo ya Kwanza. Gauni likatoka na mabaka ya buluu. Mama yule hakunigombeza. Aliniletea gauni, akalitandika mbele yangu, akanyamaza. Nilirudisha fedha zake, nikanunua kitambaa kingine, na fundi akashona usiku. Faida yote ilikwenda, na hasara juu yake.

Tangu siku ile nasuuza mpaka maji yawe meupe kabisa. Kisha nasugua shati kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikipata rangi, naanza tena. Na mnunuzi namwambia afue shati hilo peke yake mara za kwanza.

Wahenga walisema: Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Basi, mama, tafuta uzi leo. Jumapili baba akivaa shati lake, na majirani wakiuliza limenunuliwa duka gani, kijana wako ajibu mwenyewe.